Nyama ya Bata Mzinga Niliyokuletea

Felista, rafiki yangu,

Hii ni mara ya nne ninaanza. Karatasi tatu za kwanza nimezichana, kwa sababu nilianza na "natumaini u mzima huko uliko", kama tulivyofundishwa shuleni, kisha nikajiona mjinga. Sasa naanza popote. Ni Ijumaa, saa nane mchana, niko kitandani kwangu hapa Al Mankhool, huku kwa Waarabu, na siwezi kukaa. Nimeshainuka mara mbili kwenda kuangalia kama jiko limezimwa, na jiko lenyewe leo halijawashwa.

Ni miezi minne tangu uende. Kitanda chako amepewa msichana wa Kiganda, anaitwa Prossy, anauza viatu kwenye ile mall ya theluji kule Al Barsha. Ni mpole, anakunja shuka zake vizuri, anasalimia kila mtu kwa heshima, na mimi namchukia kila anapokaa pale ulipokuwa ukikaa. Hana kosa lolote. Dada Zuhura wa Tanga bado yuko dirishani na cherehani yake, anapunguza suruali za jengo zima. Nguzo za ile treni ya juu inayojengwa zimeshapita hoteli ninakofanya kazi. Ulisema siku ya kwanza utapanda kiti cha mbele kabisa, ujifanye wewe ndiye dereva. Ofisini kwenu Jumeirah Lake Towers wameshaajiri mwingine wa kupika chai na kutoa fotokopi. Nilipokwenda kuchukua viatu vyako vya kazi, madam wako alinikumbatia akalia, akaniuliza kama ulikuwa ukiumwa. Nikamwambia hapana.

Hilo hapana ndilo lililonileta kwenye barua hii, na sitalizunguka. Felista, Rosa amefukuzwa. Wifi yako Rosa, mke wa kaka yako Wekesa, ametolewa nyumbani kwenu Bungoma na mtoto mdogo mgongoni, amerudi kwa wazazi wake, na watu wanasema alikuwekea kitu kwenye zile njugu alizokutumia. Nimejua mwezi mmoja uliopita. Wekesa aliniandikia ujumbe: "Tumemtoa yule. Kikulacho ki nguoni mwako. Asante kwa kutufungua macho." Niliusoma nikiwa nakata matikiti ya bufe, nikajikata kidole, na mpishi mkuu akanifukuza jikoni kwa sababu ya damu.

Kutufungua macho. Ni kweli niliwafungua, ila niliwaelekeza kwa mtu asiyehusika. Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, maana sehemu nyingine unaijua wewe kuliko mimi, na sehemu nyingine hukuwepo.

Unakumbuka ilivyoanza. Kampuni yenu iliwapeleka kupimwa afya, na daktari akakuambia presha yako iko juu sana kwa mwanamke ambaye hajafika hata miaka arobaini. Akakupa vidonge, kimoja kila asubuhi, akakuambia upunguze chumvi na nyama ya mafuta. Ulirudi umenuna. Hukununia presha, ulimnunia mbuzi. Kwako wewe Ijumaa bila mbavu za mbuzi za kwa yule Mpakistani wa nyuma ya msikiti haikuwa Ijumaa. Ulisema, "Kama ni hivyo wacha nirudi nyumbani nikalime, angalau kule nitakufa nikijua niko wapi." Tulicheka wote watatu. Nikikumbuka hilo sasa nainuka, natembea mpaka mlangoni, narudi.

Wiki hiyohiyo kule hotelini walifungua kona mpya ya kifungua kinywa cha afya. Mpishi mkuu wetu, yule Mlebanoni, alituita akatufundisha, kisha akabandika karatasi kwenye mlango wa friji. Bata mzinga. Nyama nyeupe, mafuta machache hasa kwenye kidari kilichotolewa ngozi. Protini nyingi, inajenga mwili na inamshibisha mtu muda mrefu, kwa hiyo hali ovyo ovyo katikati. Ina madini ya chuma na zinki. Ina vitamini za kundi B, za damu na mishipa ya fahamu. Akasema mtu akiacha nyama nyekundu yenye mafuta akala hii mara kadhaa kwa wiki, anaupunguzia moyo mzigo. Mimi niliyeachia shule kidato cha pili, nilinakili yote kwenye daftari langu la oda, neno kwa neno, nikahisi nimepewa cheti.

Jioni nikakusomea. Ulikuwa umelala chali, miguu ukutani, maana ilikuwa imevimba. Ukasema, "Bata mzinga? Wale wa mama wanaofukuza wageni getini? Hao hatuli, hao ni askari." Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwenye mishipa ya fahamu ukashusha miguu. Ukasema, "Haya basi, daktari. Nitibu."

Nikaanza kukutibu. Kila bufe ilipofungwa palibaki vile vipande vyembamba, vya rangi ya waridi, ambavyo Wazungu wanakula na mayai kwa kuwa nyama ya nguruwe haingii jikoni kwetu. Pakiti ikishafunguliwa mpishi mkuu hakutaka kuiona kesho yake. Nilimweleza habari zako, akawa ananiandikia karatasi ya kuonyesha kwa mlinzi wa geti la wafanyakazi, natoka na vipande vyangu vimefungwa kwenye foili, kihalali. Mara nne, mara tano kwa wiki. Ulikula na chapati asubuhi, na ugali na sukuma jioni. Siku nyingine ulikula hivyohivyo, umesimama, hata viatu hujavua.

Felista, kosa langu ni hili. Karatasi ya friji ilisema bata mzinga, na pakiti ilisema bata mzinga. Nikaona yamekwisha. Sikujiuliza kwa nini kidari kibichi kinachoshushwa na lori ni cheupe na hakina harufu, na hiki changu ni cha waridi na kinanukia moshi. Karatasi ilisifu kile kibichi. Mimi nilikuwa nakuletea kile kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi, kikashindiliwa, kikakatwa na mashine. Pakiti zenyewe zilibaki kwenye pipa la takataka la hotelini, na miezi yote ile sikuwahi kuigeuza hata moja nikasoma mgongoni.

Ulimi wako ulijua. Siku ya pili tu ulisema, "Nafula, hii nyama haihitaji chumvi." Nami nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, mkono kiunoni, nikakujibu, "Ndiyo uzuri wake, tunapunguza chumvi." Kisha nikachukua kopo la chumvi mezani nikalificha kabatini chini ya sufuria kubwa, ili usijaribiwe. Dada Zuhura alilitafuta kwa ajili ya mchuzi wake mpaka akakasirika, akatuuliza kama tumehamia hospitali. Nikamwambia ni amri ya daktari. Nilikuwa naificha chumvi ya kopo huku naileta nyingine mwenyewe, kila siku, kwenye foili.

Na ilionekana inafaa, hilo ndilo linaloniuma. Uliacha mbuzi. Ulipungua, sketi yako ya kazini ikabidi Dada Zuhura aibane kiunoni. Lifti ilipoharibika ulipanda ghorofa nne bila kuhema, ukanisubiri juu ukinicheka. Ukawahubiria watu bata mzinga mpaka Wafilipino wa ofisini kwenu wakaniletea salamu. Uliniita daktari mbele ya watu, na mimi nikapenda. Niseme ukweli, kwa kuwa sasa huwezi kunitania. Nilipenda kuitwa hivyo kiasi kwamba niliacha kukuangalia vizuri.

Asubuhi moja nilikuuliza kama umemeza kidonge. Ukasema, "Cha nini, na daktari ninaye humu ndani?" Nilicheka. Laiti ningecheka tu nikanyamaza. Nikaongeza, "Kweli bwana, vya hospitali ni kemikali, chakula ndiyo dawa." Mimi huyu, mkata matikiti. Sikukuuliza tena.

Nimeinuka. Nimeosha vikombe vitatu vilivyokuwa safi. Nimerudi.

Jumatatu ile ulisema kichwa kinakupasuka, ukasema ni ubaridi wa kiyoyozi cha ofisini. Jumanne mimi nilitoka mapema kwenda zamu, kwa hiyo sikukuona. Dada Zuhura ndiye aliyekuona. Ulikula vipande vyangu na chapati, ukachota njugu za Rosa kiganjani, ukamwambia unachelewa. Saa nne ulianguka pale ofisini karibu na birika la umeme. Nilipofika hospitali na aproni yangu mwilini, walishafunga pazia. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani. Alisema presha. Nikatikisa kichwa kana kwamba anazungumza habari za mtu mwingine, kwa sababu wewe presha ulikuwa umeimaliza, mimi ndiye niliyekutibu.

Tulipofungasha sanduku lako la nguo ili lisafiri nawe, chini ya kile kitenge ulichomnunulia mama yako tulikuta vidonge. Maboksi matatu. Utepe mmoja ulikuwa umetolewa vidonge vitano, nyingine zote nzima, hazijaguswa. Dada Zuhura alivihesabu. Mimi nikavichukua nikavitia kwenye mkoba wangu. Sikutaka mama yako avione. Nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu yeyote aulize nani alikuambia uviache.

Sasa nafika kwenye kile kikao. Unajua kwetu ilivyo, siku ya tatu baada ya mazishi watu wanakaa uani, na kila aliyekuwa na marehemu anasema alichoona. Alikuwa wapi, na nani, alilalamika nini, mwisho alikula nini. Mimi ndiye niliyekuwa nawe na sikuwepo. Kwa hiyo Wekesa alinipigia simu kutoka palepale kikaoni, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie. Nilikuwa chumba cha wafanyakazi, wenzangu wanakula. Nilisikia mtu akikohoa, nilisikia kuku, na nikajua mama yako yuko hapo.

Akauliza, "Alikuwa mgonjwa?" Nikasema hapana. Akauliza, "Mwisho alikula nini?"

Nilikuwa na nafasi, Felista. Ulimi ulishafika kwenye nyama ukarudi nyuma. Nikasema, "Alikula njugu zilizotoka nyumbani." Ni kweli, ulikula. Niliacha tu kilichotangulia. Sauti ya mzee mmoja ikauliza, "Za nani?" na simu ikakatika. Hapohapo nilijua swali lile linaelekea wapi. Ningeweza kupiga. Nilirudi jikoni kupanga vijiko.

Na zile njugu unazijua. Rosa alizikaanga mwenyewe, akachanganya na simsim, akaziweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akampa yule binti wa katekista aliyekuwa anakuja huku kazini. Tulizila sote watatu. Mimi nilizila kuliko wewe, mpaka ukaandika jina lako kwenye kifuniko. Kama zingekuwa na sumu, tungezikwa sote watatu. Neno hilo moja lingemwokoa Rosa siku ileile. Lakini wangeniuliza, basi ni nini kilichomuua, na hapo ningelazimika kujibu.

Baada ya ujumbe wa Wekesa niliokota pakiti tupu kwenye pipa la jikoni, nikaikunja mfukoni, nikaenda nayo kwa sista wa zahanati, Mhindi wa Kimalayali. Niliigeuza njiani, ndani ya basi. Nyama, maji, chumvi. Chumvi ya tatu, kabla ya kila kitu kingine. Sista alinisikiliza mpaka mwisho, na foleni ilikuwa ndefu. Akaniambia bata mzinga hana kosa. Akaniambia kidari kibichi, bila ngozi, cha kuchemsha au cha kuoka, pamoja na mboga, ni katika nyama nzuri kabisa kwa mtu mwenye presha, na ale hata mara tatu kwa wiki asiogope. Kisha akagonga ile pakiti kwa kalamu. Hii ni habari nyingine, akasema. Na hata ile nzuri haichukui nafasi ya kidonge.

Nikamuuliza kama nimekuua. Nilimuuliza hivyohivyo, kwa Kiingereza changu kibovu. Akasema hakuna mtu anayeweza kunijibu hilo, presha ilikuwepo kabla yangu, vidonge vimeachwa, chumvi imezidi, kazi nyingi, usingizi mchache. Akamaliza, "Khalas, basi, usiniulize tena." Akanivuta mkono akanifunga kile kitambaa cha kupimia. Na yangu iko juu. Si kama yako, lakini iko juu. Nimepewa vidonge na ninavimeza kila asubuhi. Kila nikimeza nakuona wewe umelala miguu ukutani.

Siku ile wakati wa kurudi nilinunua kidari cha bata mzinga. Unajua nilikipata wapi? Duka la chini, la yule Mhindi wa Kerala, hapa kwenye jengo letu, ndani ya friji ya aiskrimu. Kilikuwepo muda wote. Nilikichemsha na kitunguu saumu, tangawizi na limau, bila chumvi hata chembe. Dada Zuhura alionja akasema, "Shoga, hii nyama ya wagonjwa," lakini alimaliza sahani. Sasa tunapika mara tatu kwa wiki. Tumejifunza kuongeza pilipili manga na dania, imekuwa chakula cha watu. Miezi ile ya samosa za jioni imekwisha, kwa kuwa inashibisha kweli. Magoti yangu hayaumi tena, nasimama zamu nzima. Sijui kama ni nyama, au kuacha samosa, au vidonge. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya friji naona kilikuwa kweli, na hilo linanikera kuliko kama kingekuwa uongo. Ningekupikia wewe hiki. Ilikuwa kazi ya dakika arobaini.

Nilimwambia Dada Zuhura habari za Rosa nikiwa nakula. Alisimamisha cherehani. Unamjua, hapayuki, na nilitamani siku ile apayuke. Akasema, "Nafula, mficha maradhi kifo humuumbua. Felista alificha yake na kifo kimemuumbua. Wewe unaficha ya nani?" Nikasema naogopa. Akasema, "Ogopa. Lakini yule mwenzio analala kwao na jina la uchawi, na wewe hapa unakula bata mzinga na limau." Akaendelea kushona. Nikamwaga chakula, nikatoka nje nikatembea mpaka miguu ikauma. Wiki mbili nimekuwa hivyo. Nasahau majina ya wageni, naweka sukari mahali pa chumvi, nalala nikiwa nimevaa viatu. Juzi Prossy aliniuliza kwa heshima zake za Kiganda, "Nnyabo, unasubiri nani?" kwa sababu kila simu ikilia naruka.

Sasa nakuambia kwa nini leo ndiyo siwezi kukaa kabisa. Saa sita mchana nimempigia mama yako.

Sikumpigia Wekesa. Nilimtaka mama peke yake. Nilimsalimia, akaniita mwanangu, na nikaona nikichelewa kidogo nitaanza kuuliza habari za mvua. Kwa hiyo nikamwaga yote bila mpangilio. Vipande, foili, chumvi. Presha aliyokuambia daktari na wewe ukanikataza nisimwambie. Nilivyokucheka ulipoacha vidonge. Maboksi matatu niliyoyaiba kwenye sanduku lako. Njugu tulizokula sote. Nikamwambia, "Mama, Rosa hana hatia. Mliniuliza alikula nini nikawapa nusu."

Nilisikia mvua kwenye mabati. Nikasema haloo, haloo.

Kisha akasema, "Kwa hivyo mtoto wangu alikuwa anakula."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Nyama."

Nikasema ndiyo, Mama, kila siku.

Akasema, "Mimi nilikuwa nafikiria analala njaa huko kwa Waarabu. Kila nikiketi kula nilikuwa nafikiria hiyo."

Felista, mama yako akalia. Nami nikalia, na Dada Zuhura aliyekuwa juu ya mkeka wake wa sala akageuza uso ukutani. Nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani, ningejua pa kusimama. Alipotulia akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nimefukuza mtoto wa wenyewe." Akalirudia mara mbili. Nikamwomba awaambie wote leo, amtume Wekesa akamchukue. Akasema hapana. Akasema, "Ya simu ndiyo yalituharibia. Wewe kuja. Uyaseme hapa, uketi kwenye kiti, Rosa akikuona na watu wakikuona. Mimi nitaenda kwao kesho kumwomba, lakini jina hilo mimi siwezi kumtoa. Wewe ndiye ulimpatia."

Ndivyo alivyosema. Nimeyaandika kama yalivyo ili nisije nikayapunguza baadaye.

Likizo yangu ni mwezi wa nane. Mwezi wa nane ni mbali. Kesho nitakwenda kwa madam wa ofisi ya wafanyakazi kumwomba anisogezee, na atanitazama kwa yale macho yake, kwa sababu nilipoomba nisafiri na jeneza lako alinikatalia, nami sikusisitiza. Safari hii nitasisitiza. Akikataa nitamwomba pasipoti yangu wanayoishikilia. Najua maana yake. Dada Zuhura pia anajua, amesema ataniangalizia kitanda, yalla, nenda, kazi nyingine Mungu ataleta, inshallah. Sina uhakika kama ataleta. Nitakwenda.

Kwa hiyo nakuaga, Felista, na sikuagi vizuri, maana hata sasa naandika nimesimama. Pumzika. Sahau kichwa, sahau ngazi, sahau bosi na kahawa yake isiyo na sukari. Nakuahidi nitameza vidonge vyangu. Nakuahidi kila mtu wa presha atakayeuliza kuhusu bata mzinga nitamwambia ale, na nitamwambia ni yupi, na nitamgeuzia pakiti asome mwenyewe.

Na nakuahidi Rosa. Sitapita kwenu kwanza. Nitashuka njia panda nishike njia ya kwa wazazi wake, niingie uani kwao mchana, majirani wakiwepo, na maboksi yako matatu mkononi. Tukitoka hapo tutakwenda pamoja kwa mama, nikae kwenye hicho kiti. Msamaha wako nautaka sana, lakini sitauomba leo. Nitauomba nikishamwomba yeye.

Nafula